Baiskeli Nono ya Korane

Kuchagua ni kipaji, na Mwenyezi Mungu alipokuwa akikigawa Garissa, inaelekea alimpa Korane fungu lote akasahau wengine. Waulize wafugaji wa Sangailu. Waulize wale wa Griftu wanaoteremsha ng'ombe kwenye malori wakiwa wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Watakwambia kwamba Korane, dalali wa mifugo, akimtupia fahali jicho moja tu, anajua kama amenyweshwa maji mengi asubuhi ili tumbo livimbe, kama ana kikohozi, kama huchechemea jua likipanda.

Jicho hilo ndilo lililomlisha. Hakuwa na duka wala ofisi. Wafugaji walimkabidhi kamba za wanyama wao, wakaenda zao kunywa chai, kwa sababu walijua Korane hakosei na hafichi. Kabla ya kuuza, alisimama mbele ya watu akatangaza kasoro za mnyama kwa sauti, kama dini inavyotaka. Siku jicho lile lingekosea hadharani, mambo yangekwisha: kamba zingehamia mikononi mwa Alio, dalali mwenzake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiingoja siku hiyo kwa subira ya tai juu ya mgunga.

Basi daktari akaingilia kati. Alimpima Korane sukari, akalitazama tumbo lake kwa huzuni, akamwambia aache kubebwa na pikipiki kila asubuhi kutoka Bula Iftin hadi sokoni. Atembee, au anunue baiskeli.

Korane hakuwa mtu wa kutembea. Kutembea ni kwa mtu asiye na la kufanya. Akaenda dukani kwa Siyad.

Siyad, muuza baiskeli, alikuwa na tabia mbaya sana kwa mfanyabiashara: alisema kweli.

"Unataka ya kuendea wapi, walaal, ndugu yangu?" alimuuliza.

"Sokoni na kurudi."

"Kumbe ni lami tupu. Chukua hii." Akamtolea baiskeli nyembamba, nyepesi, tairi laini, yenye madigadi ya kuzuia matope na karia ya kufungia mzigo. "Hii kwenye lami inateleza kama maziwa."

Korane aliitazama. Mifupa mitupu. Ilikuwa imekondeana kama ng'ombe aliyetembea kwa miguu kutoka Lafey ya mbali wakati wa kiangazi. Halafu akamtazama Siyad, na hapo ndipo kipaji kilipofanya kazi yake. Kwa maisha yake yote Korane alikuwa amejua jambo moja: muuzaji akikusukumia mnyama kabla hujamwomba, huyo ndiye mgonjwa.

"Na yule pale?" akauliza, akinyoosha kidevu kuelekea pembeni.

Pale pembeni ilisimama baiskeli ya mlima. Tairi nene zenye meno, springi mbele, springi chini ya kiti, chuma kimeshiba hadi kinang'aa.

"Ile ni ya kupandia milima," Siyad akasema. "Ya mawe, ya mchanga. Wewe mlima utautoa wapi?"

Swali lilikuwa zuri. Nchi ile ni tambarare hivi kwamba ukimwaga chai, chai yenyewe haijui iende upande gani. Mlima pekee kati ya Bula Iftin na sokoni ni matuta ya barabarani. Lakini Korane hakuwa tena akisikiliza. Aliiendea baiskeli akaiminya tairi ya nyuma kama anavyominya paja la fahali. Ngumu. Akaiinua kwa mikono miwili. Nzito! Akaguna kwa furaha. Akaizunguka, akaipiga kofi kiunoni, akarudi nyuma hatua chache kuitazama ilivyosimama.

"Ipande basi uijaribu," Siyad akamsihi.

"Mimi?" Korane alicheka. "Tangu lini ukaniona nikimpanda mnyama ndipo nijue alivyo?"

Mikono yao miwili ikaingia chini ya shali, kama madalali wa mifugo wanavyopatana bei, vidole vikazungumza bila watu kusikia, na biashara ikaisha. Siyad alipokea pesa kwa uso wa mtu anayehudhuria maziko.

Asubuhi ya kwanza Korane alitoka nyumbani kama bwana harusi. Alipofika kwenye lami, baiskeli ikaanza kusema. Yale meno ya tairi yalipokutana na barabara laini yalitoa mvumo kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, na watu wakageuka kabla hata hajawafikia. Kila alipokanyaga pedeli, springi ilishuka kwa heshima, ikameza nusu ya nguvu zake, ikainuka tena na kungoja nyingine. Karia haikuwapo, kwa hiyo fimbo yake ya kazi aliishika kwa meno. Wazee wawili waliokuwa wakitembea kwa miguu walimsalimia, wakampita.

Mvua ikanyesha, na kwa kuwa baiskeli ya mlima haina haja ya madigadi, ilimchora Korane mstari wa matope kutoka kiunoni hadi kisogoni.

"Mashaallah," mkewe Shamso alisema Korane aliporudi. "Umeenda naye sokoni, au yeye ndiye aliyekuburuta?"

"Baiskeli ni nzuri."

"Sijasema mbaya. Nauliza nani alimpanda nani."

"Shamso!"

"Basi irudishe kwa Siyad. Mwambie ulikosea."

Korane akajifuta matope kisogoni. Shamso alilijua jibu, akalegeza sauti, akampa kanzu kavu. Mtu anayekula kwa jicho lake hawezi kutembea mjini akitangaza kwamba jicho limepofuka. Kwa hiyo aliendelea kukanyaga na kuisifu. Aliisifu akihema. Aliisifu akiwa amekaa upande mmoja wa kiti. Tumbo, lazima tuseme, lilipungua, kwani daktari hakuwa amesema baiskeli iwe nzuri.

Sokoni Alio alikuwa amepata chakula cha mwaka mzima.

"Waryaa, we Korane! Huyo nyuki wako tumemsikia tangu uko mbali! Leo umevuka milima mingapi?"

"Cheka tu, Alio."

"Sicheki, ndugu yangu, naogopa. Kama hivi ndivyo unavyochagua cha kwako, vya watu unavichaguaje?"

Hilo halikuwa la mzaha, na wafugaji waliokuwa karibu walilisikia. Mmoja alikohoa. Mwingine, ambaye kila msimu alimletea Korane mbuzi wake, siku ile aliwashikilia mwenyewe.

Ndipo akatokea Jelle, mfugaji wa Sangailu, na mafahali watatu. Hakumtazama Korane. Aliitazama baiskeli. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye meno ya tairi.

"Hii inapita kwenye mchanga?"

"Inapita."

"Kwenye miiba?"

"Hiyo tairi ni nene, miiba itavunjika yenyewe."

"Nyembamba zote zimenifia njiani, kati ya kisima na kwangu. Niuzie hii." Jelle akasimama. "Lakini itangaze kasoro yake kwanza, kama kawaida yako."

Watu wakasogea. Alio akasogea kuliko wote.

"Kwa njia za Sangailu haina kasoro," Korane akasema, na ilikuwa kweli tupu.

"Kama haina kasoro, mbona uko tayari kuiuza?" Jelle akauliza.

Lilikuwa swali lake mwenyewe Korane, lile lililokuwa likimtoa jasho kila muuzaji wa soko lile. Angeweza kusema daktari amemkataza. Angeweza kusema amechoka nayo. Sentensi kama hizo ziko tele, na Alio alizitumia kila wiki bila madhara. Korane alivuta pumzi. Akapaza sauti ile ile ya siku zote.

"Sikilizeni! Baiskeli hii ni nzima. Mkosaji ni aliyeinunua. Aliambiwa kweli dukani, akadhani ni ujanja. Aliangalia unono, hakuangalia njia. Mnunuzi huyo ni mimi."

Soko lilicheka hadi ng'ombe wakashtuka. Alio alijipiga mapaja, akamwita na muuza chai aje asikie. Korane alisimama katikati, masikio yakiwaka, akisubiri mbuzi na ng'ombe wote wa Kaskazini Mashariki wamwache.

Jelle ndiye pekee ambaye hakucheka. Alifikiri polepole, kama afanyavyo mtu aliyetoka mbali na ana mbali pa kurudi. Kisha akamkabidhi zile kamba tatu, akaivuta baiskeli upande wake.

"Mafahali uza wewe," akasema. "Ila kwa habari ya barabara, uwe unaniuliza."

"Huyu wa kwanza," Korane akasema, akimpapasa fahali shingoni, "ana kikohozi."

"Najua," Jelle akasema. "Mtangaze."