Lalamiko la Fundi Viatu

Mwalimu wa chekechea ambaye mtaa mzima ulimwita Filimbi hakuwa na filimbi yoyote. Alikuwa na sauti. Akiita "Shika fundo!" watoto ishirini na wawili walidaka kila mmoja fundo lake kwenye kamba ndefu, na muuza maji aliyekuwa ng'ambo ya barabara, bila kujijua, naye alikamata usukani wa baiskeli yake.

Miaka kumi na saba alifundisha ndani ya kuta nne, akichora mti ubaoni na kuufuta. Mwaka huu alimbembeleza mwalimu mkuu mpaka akapata ruhusa: kila Jumatano watoto watoke, waujue mtaa wao, nani anafanya nini, na taka zao zinaishia wapi. Mwalimu mkuu, mtu aliyesalimia kama anayesoma kanuni, alikubali kwa sharti. "Lalamiko moja tu kutoka mtaani, Mwalimu, na kamba inarudi stoo."

Wakaenda kwa mshonaji, wakahesabu vifungo. Wakaenda bombani, wakajifunza kufunga koki. Wakamfuata mzoa taka, waliyemwita Mjomba, na mkokoteni wake, kituo kwa kituo, mpaka kwenye lori la saa nne. Kila Jumatano Filimbi alirudi nyumbani miguu ikimuuma na moyo ukimchezea kwa furaha, hata mumewe akamtania kwamba amerudi utotoni.

Jumatano ya nne ilikuwa ya kuokota taka. Watoto walidonoa barabara nzima kama kuku: vifuniko, karatasi, mifuko. Gunia likajaa, mzoa taka akalipakia, wakarudi darasani wakiimba. Hawajakaa sawasawa, mlango ukagongwa kwa kishindo. Ni fundi viatu wa pale kona, kiatu kimoja mkononi.

"Mwalimu, soli zangu! Nimeenda kunywa chai tu, narudi nakuta sanduku tupu! Ngozi, mipira ya tairi, kazi ya wiki nzima!"

Filimbi aliwageukia watoto. Msichana wa miaka mitano waliyemwita Wakili, kwa kuwa hakuna alichokubali bila ubishi, alikuwa ameshanyoosha kidole.

"Tumesafisha," alisema kwa fahari. "Vilikuwa vimekatwakatwa, Mwalimu. Vibovu vibovu."

Mwalimu mkuu naye alikuwa keshafika. Aliitazama ile kamba. Filimbi alitamani ardhi ipasuke immeze. Jumatano zake ndiyo basi tena.

"Lakini gunia halijafika kwenye lori," Wakili akasema.

"Umejuaje wewe?" fundi akauliza.

"Saa hizi Mjomba yuko kwa kinyozi. Halafu duka la nafaka. Halafu anapumzika kwenye ukuta wa gereji. Halafu lori."

"Kwa kinyozi keshatoka!" mwenzake akadakia. "Yuko dukani!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi.

"Shika fundo!"

Walitoka mbio, kamba ikicheza, fundi viatu akihema, mwalimu mkuu nyuma tai begani. Watoto ndio walioongoza. "Huku kuna matope! Pitia kwa mshonaji!" Filimbi alikimbia akicheka peke yake, kwa maana kila kona waliyoitaja ilikuwa mahali pake hasa. Kwenye duka la nafaka mkokoteni haukuwepo. Kwenye ukuta wa gereji haukuwepo. Kule mbele, kwenye lori, mzoa taka alikuwa ameshainua gunia kulirusha.

"Mjombaaa! Subiri!"

Gunia likabaki hewani, kisha likashuka. Fundi akalimwaga chini, akapekua. Soli zote zilikuwamo.

"Nilisema lalamiko moja," mwalimu mkuu akasema akitweta. Akamgeukia fundi. "Unalalamika?"

"Nalalamika, ndiyo," fundi akajibu, akifuta soli kwa kiganja. Filimbi akafumba macho. "Watoto hawa wanajua hata mzoa taka anapumzikia wapi. Mimi nipo hatua kumi kutoka geti lenu, mwaka wa tisa huu, na kazi yangu wameiona takataka."

Ilikuwa kweli. Jumatano zote nne alikuwa amempita kwa salamu tu.

"Wiki ijayo waleteni kwangu," fundi akasema.

Filimbi alimtazama mwalimu mkuu, roho mkononi. Mwalimu mkuu aliiweka tai yake sawa, akainama, akashika ncha ya kamba.

"Saa tatu kamili," alisema.