Bakuli la Hoteli ya Abdi

Agosti mwaka wa 1974 tulimpoteza mama, na nyumbani kwetu Nuu kukabaki bakuli ambalo halikuwa letu. Lilikuwa jeupe, lenye mfuniko na ukingo wa buluu, na hata baada ya kuoshwa lilinukia iliki. Mama alikuwa ameliazima katika hoteli ya Mzee Abdi mjini Mwingi ili amletee nyanya pilau. Akaugua kabla ya kulirudisha.

Tukienda Mwingi, mama ndiye aliyechagua mahali pa kula, na hakukosea. Tukitoka hospitali tulikunywa chai kwa Mama Mwende, kwa sababu pale hakuna aliyekuuliza maswali. Siku ya mnada, mbuzi wakikosa mnunuzi, tulinunua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kibandani tukala tumesimama. Mbuzi wakinunuliwa vizuri, tuliketi kwa Mzee Abdi na kula pilau. Kwetu hoteli ile ilikuwa ya furaha tu.

Wiki chache baada ya mazishi, baba aliamua kuuza mbuzi wawili. Nikamkumbusha bakuli. Akasema, "Tukionekana kwa Abdi, watu watasema tunasherehekea."

Nyanya alikuwa akipepeta ndengu, wala hakuinua kichwa. "Basi watasema mke wako alikufa na chombo cha watu. Na usilirudishe tupu. Mkono mtupu haulambwi." Akalijaza ndengu, zile ambazo mama mwenyewe alizipanda, akanikabidhi. Nilikuwa na miaka tisa. Nitasema kweli: juu ya lori, njia nzima, sikumwaza mama. Niliwaza pilau, na nikajionea haya.

Mbuzi waliuzwa mapema. Baba akasimama ng'ambo ya hoteli. Lori likapita, lingine likapita, naye havuki. "Nenda wewe," akasema. "Mpe, sema asante, urudi."

Mzee Abdi alifunua bakuli, akatazama ndengu. "Mama yako yuko wapi leo? Huwa ananisumbua nimwongezee viazi."

"Alikufa," nikasema.

Alimimina ndengu katika sufuria, akapangusa bakuli, akalijaza pilau yenye viazi vingi, kisha akavuka nalo barabara yeye mwenyewe, na aproni yake kiunoni.

"Baba Mutheu," akamwita baba kwa jina langu, "pole sana. Hata mimi sirudishi chombo kitupu."

"Lakini Abdi, chombo ni chako!"

"Basi tutagombana mnada ujao."

Baba alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Tulikula hapo hapo, tumekaa juu ya magunia, na akaninyang'anya kiazi kikubwa kuliko vyote. Bakuli likawa la kwenda na kurudi, likibeba ndengu na kurudi na pilau, hadi Mzee Abdi alipohamia Garissa. Wakati huo lilikuwa kwetu.

Siku hizi ninaishi Kalamba, nilikoolewa. Hoteli ni nyingi kuliko zamani na chakula ni kitamu, siwezi kukataa, ila unafungiwa katika kisanduku cha plastiki ambacho hakuna anayekungoja ukirudishe. Wiki jana jirani yangu alifiwa na mumewe. Nikaenda hotelini na bakuli langu, na msichana wa jikoni akacheka, "Shosho, hiyo bakuli ni ya mwaka gani?" Nikamwambia ajaze tu, na viazi aongeze.

Jana jirani alilirudisha. Ndani kulikuwa na mayai manne.