Dawa Iliyomiminwa Pamoja

Madame Médiatrice akiingia garini huvua viatu kabla sijawasha injini. Nimemwendesha miaka mingi, na miguu yake hunieleza siku ilivyokuwa. Akiikunja chini ya kiti, ofisini wamegombana. Akiinyoosha, hana hata nguvu ya kugombana. Siku hizi anainyoosha tu.

Kazi yake ni takwimu za dawa. Madaktari wakitaka kujua kama dawa inaponya kweli, yeye ndiye hupanga nani apewe ipi, halafu huhesabu nani kapona. Majirani zake wa mtaa wa Mutanga Nord humwita daktari na kumletea watoto wenye homa. Akiwaambia hajawahi kumchoma mtu sindano, wanadhani anaringa. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa mafundi, nimekulia gerejini na kelele za nyundo, lakini kushinda nikihesabu watoto wanaoharisha, hapana, hiyo kazi mpeni mwingine.

Utafiti huu ulikuwa Gatumba, kwenye mahema ya watu waliofukuzwa na mafuriko. Dawa mbili za kuhara, ya zamani na mpya, zilitiwa kwenye chupa zinazofanana, zenye namba tu. Mtoto huyu alipata ya zamani, wa hema la pili akapata mpya, na hakuna aliyejua, si mama wala muuguzi, asije mtu akapendelea. Hesabu zilipotoka, makundi yote mawili yalikuwa sawasawa. Docta Népomuscène, mkuu wa utafiti, alifurahi kumaliza. Wenzao wa Ulaya walisubiri saini ya Madame tu, iandikwe kwamba dawa mpya haina faida, itupwe kando.

Madame hakusaini.

“Hata watoto wa tumbo moja hawafanani hivi,” aliniambia jioni ile. “Na kama dawa ni nzuri, tutakuwa tumeiua sisi. Kesho unipeleke Gatumba.”

Nilinung'unika. Petroli yenyewe nilikuwa nimeipata kwa kushinda kwenye foleni juani.

Tulimkuta Daphrose, mama wa mmoja wa wale watoto, akianika nguo juu ya kamba ya hema. Madame aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauliza habari za nyumbani, za mtoto, kisha akauliza wanampaje dawa.

“Tunamiminaka zote mu bidon moja, Madame,” Daphrose alijibu bila woga wowote, akionyesha kidumu kando ya hema. “Kisha tunagawa.”

“Zote, mama?”

“Za mahema yote ya huku. Muganga alisema moja inaweza kuwa nzuri kupita ingine, na hakuna mwenye anajua ni gani. Sasa mi nimupe wangu ile nzuri, wa Marguerite abaki na ile mubaya? Mayi ya mafuriko ilitukimbiza pamoja. Vile, kila mutoto anapata kidogo ya ile nzuri.”

Nilicheka, Mungu anisamehe. Madame alimshika mkono, akamshukuru, akarudi garini, na huko akalia bila sauti. Niliona hasira kwa ajili yake. Miaka ya kazi imeishia kwenye kidumu. Nikasema hawa kina mama wameharibu kila kitu.

“Hawajaharibu kitu,” alinikatiza. “Kosa ni letu. Tulifikiri kila mtoto ataumwa peke yake.”

Ofisini Docta Népomuscène alimuuliza, mbele yangu nikiwa nimeshika funguo, “Muda wote huu, Médiatrice, na we unaandika hatujui?”

“Ndiyo, Docta. Kwa sababu hatujui.”

Kwa wiki kadhaa Docta alimsalimia kwa kidevu tu. Wale wa Ulaya wakakubali shingo upande kuanza upya. Madame akakaa na ramani ya Gatumba hadi macho yakawa mekundu, akabuni mpango mwingine. Watu wa upande mmoja wa barabara inayokata mahema wote wapewe dawa moja, wa upande wa pili wapewe nyingine. Wamimine, wachanganye, wagawane wapendavyo, hesabu haitaguswa. Nilimwona akitabasamu mara ya kwanza tangu mvua zilizoleta mafuriko.

Tukarudi kuwaeleza. Daphrose alisikiliza hadi mwisho.

“Na ile yetu itakuwa ile nzuri?”

“Sijui, mama. Hata mi sijui.”

Akaitikia kwa kichwa, tukaagana vizuri. Madame alikuwa ameshavua viatu, nami nimeshawasha gari, Daphrose aliposogea dirishani.

“Madame, ni vile tu, ngambo ya barabara kunakaa dada yangu. Ana mapacha, na bidon yetu ni moja.”

Madame aliitazama barabara. Ni nyembamba, mtoto anayetambaa anaivuka. Miguu yake ilikuwa imenyooka.

“Zima gari, Aboubacar,” akasema, akainama kutafuta viatu vyake.