Bukuru Yupi?

Kaka yangu Salvator ni mtu wa kumkera hata malaika. Anatembea polepole, anaongea polepole, na mbuzi wa kununua anamkagua meno utadhani anamposa. Kazi yake ndiyo hiyo: anazunguka vijijini na baiskeli yake, ananunua mbuzi kwa wakulima, anawaleta kuuza kwenye mnada wetu huku Katumba. Faida ni kidogo, maana akiona mama mjane anauza mbuzi wake wa mwisho, anaongeza bei mwenyewe. Mimi nikimwambia yeye si mfanyabiashara, anacheka tu, "Butoyi, punguza kelele."

Butoyi ni mimi. Séverine Butoyi. Yeye ni Salvator Bukuru. Tumbo moja, siku moja, yeye akinitangulia kidogo tu, na tangu hapo hanyamazi na ukubwa wake. Kwetu Warundi mapacha majina yao hayajadiliwi: anayetoka kwanza ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Aliyezaliwa baada yetu ni Ciza, kwa sababu amefuata mapacha. Baba yetu anaitwa Nzigamasabo, na hakuna hata mtoto mmoja aliyepewa jina lake. Kila mtoto ana la kwake. Kwa hiyo Katumba hii ukiita "Bukuru!" sokoni, wanaume saba na wanawake watano wanageuka, na hakuna aliye ndugu wa mwenzake.

Sisi tunalijua hilo. Wengine hawalijui, na ndiko balaa lilikotokea.

Ilikuwa kiangazi kilichopita, asubuhi, napukuchua mahindi. Simu ikalia. Alikuwa Makarius, bodaboda wa hapa kwetu, kijana mtu mzima mwenye familia, si mtu wa mzaha.

"Dada Séverine, kaka yako wamemshika."

"Nani wamemshika?"

"Sungusungu. Nimepita nikamwona amefungwa kamba. Wanasema ni ukoo wa wezi wa ng'ombe. Nakuja kukuchukua, vaa viatu."

Kijiji chenyewe kiko upande wa Magamba, jina sitalitaja, watu wake bado tunauziana. Makarius alinieleza njiani, anapiga kelele kushinda pikipiki. Kulikuwa na mchungaji mmoja pale, kijana anaitwa Gaspar Bukuru. Siku mbili nyuma alitoweka na maksai wanne wa bosi wake, wale wa kulimia. Kijiji kizima kinawaka moto. Halafu leo, nani anaingia na baiskeli kuuliza nani anauza mifugo? Kaka yangu. Wakamuuliza, wewe nani? Na yeye kwa ile polepole yake, badala ya kusema Salvator akanyamaza, akavimba kifua: "Salvator Bukuru."

"Mungu wangu," nikasema. "Huyu mtu huyu!"

"Wanamsubiri kamanda wao," Makarius akasema. "Akifika ndiyo wanaamua."

Sikuuliza wanaamua nini. Mwizi wa ng'ombe wanamfanya nini, kila mtu wa Katavi anajua. Nilishika bega la Makarius nikawa naomba, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kirundi, nimechanganyikiwa kabisa.

Nilimkuta kwenye banda la mashine ya kusaga, mikono imefungwa nyuma kwenye nguzo. Mdomo umepasuka, jicho moja limeziba. Wanaume walikuwa wamejaa, fimbo mkononi. Wengine walikuwa wamekaa chini wanasubiri, na hao ndio walionitisha zaidi, maana mtu mwenye hasira utaongea naye, ila aliyetulia hivyo ameshaamua.

Kaka akaniona kwa lile jicho moja. "Butoyi, rudi nyumbani."

"Nirudi wapi na wewe umefungwa kama mbuzi?"

Mmoja akanizuia kwa fimbo. "Wewe mama, nani wake?"

"Dada yake. Pacha wake."

"Jina?"

"Séverine Butoyi."

Wakacheka. Wallahi walicheka. Yule akawageukia wenzake, "Mmesikia? Huyu Bukuru, huyu Butoyi, halafu pacha! Baba yenu mmoja ana majina mangapi?"

"Ndugu yake ni Gaspar," mwingine akasema. "Jina moja, ukoo mmoja. Aseme maksai wako wapi."

Jamani! Mimi niliyelala naye tumboni miezi yote ile si ndugu yake, ila mchungaji tusiyewahi hata kumwona ndiye ndugu. Damu ilinichemka. Nikaanza kueleza, wakanizomea. Nikaeleza tena, mmoja akanisukuma nikamwangukia Makarius. Na hapo hapo kamanda akafika: mzee mrefu wa Kisukuma, kofia ya kitambaa, filimbi shingoni. Wote wakasimama. Aliyeshika kamba akaikaza, na kaka yangu akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Nikaona nikichelewa nimempoteza. Nikapiga magoti mbele ya yule mzee. "Shikamoo mzee. Nina swali moja tu, nikimaliza mniue na mimi."

"Marahaba. Sema."

"Nyie Wasukuma mkizaa mapacha mnawaitaje?"

Akanitazama kama ameona kichaa. "Kulwa na Doto. Swali gani hilo?"

"Basi Bukuru ni Kulwa! Butoyi ni Doto! Siyo jina la baba, mzee, siyo ukoo! Kulwa wa Sitalike akiiba leo, nyie mtawafunga akina Kulwa wote wa Katavi? Mtaanza na nani? Humu ndani hamna Kulwa? Semeni, hamna?"

Kwenye kona jamaa mmoja mwenye fimbo akaanza kuangalia chini, na wenzake wakaanza kumwangalia yeye.

Mzee akapita katikati yao. Akamsogelea kaka, akamwinamia, wasisikie wengine. Lakini mimi nilikuwa pale pale magotini, nilisikia. "Ni nani aliyekufuata kuzaliwa?"

"Huyo mwenye kelele," kaka akasema. "Na akatufuata Ciza."

Mzee akanyoosha mgongo. "Mimi naitwa Doto," akaniambia, kwa sauti ya chini. Halafu akawageukia wale wanaume na sauti ikawa nyingine kabisa: "Mfungueni! Mnafunga watu kwa Ukulwa?"

Wakamfungua. Hakuna aliyesema samahani, mmoja tu alimletea maji kwenye kopo. Nilimshika kaka usoni nikalia, nikamtukana, nikamwambia mbuzi basi, sitaki kusikia tena habari za mbuzi. Yeye ananipigapiga mgongoni.

Simu ya mzee Doto ikaita. Akasikiliza, akaangaza macho. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, sote tuliisikia: "Kamanda, tumempata! Bukuru tumempata huku barabarani!"

Banda zima likapiga kelele za furaha. Mimi mwenyewe nikashusha pumzi, kumbe mwizi amepatikana, yameisha. Kaka yangu peke yake ndiye aliyenyanyua kichwa.

"Mzee," akasema. "Muulize Bukuru yupi."

Mzee akaduwaa. Halafu akapiga kelele kwenye simu, "Bukuru yupi? Gaspar? Jina lake la kwanza nani? Msimguse! Mnanisikia? Msimguse!" Huko kulikuwa na makelele ya watu, halafu simu ikakatika. Akapiga tena. Inaita tu, haipokelewi.

Tulipakizana kwenye ile pikipiki, Makarius, mzee na mimi, na kaka akafuata na nyingine, na uso wake ule ule. Nilimwambia abaki, ni kama nilikuwa naongea na ukuta.

Tulipofika, dagaa walikuwa wametapakaa barabara nzima, magunia yamechanika. Mtu alikuwa amelala katikati yao, hajitambui. Mwenye maksai aliitwa, akaja anakimbia, akamgeuza yule mtu uso. Akamwachia.

"Siyo huyu," akasema. "Gaspar ni mfupi. Huyu simjui."

Wale watu wakaanza kuondoka. Mmoja mmoja, kila mtu na njia yake, wengine wanafuta mikono kwenye suruali. Mpaka pikapu ya kumpeleka hospitali inapatikana, tulibaki sisi na mzee Doto, amekaa chini kwenye dagaa, filimbi yake ameivua ameishika.

Mwanamke mmoja wa gengeni ndiye aliyemjua. Anaitwa Yohani, akasema. Anatoa dagaa ziwani anauza vijijini. Ni mtu wa peke yake, hana mtu upande huu. Leo wamemuuliza jina, akataja lote: Yohani Bukuru.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi, kaka na mimi. Mzee alikuwa kituo cha polisi anaandikisha maelezo. Nilikuwa na njaa, nimechoka, namhesabia kaka makosa yake tangu utoto, kwa sababu nikinyamaza nilikuwa naona zile suruali. Tumeshamfikisha, nikamwambia, twende, wewe mwenyewe unavuja damu. Huyu siyo wetu. Hatumjui.

Kaka akabaki anautazama ule mlango walikomwingiza.

Mlango ukafunguka, nesi akatoka haraka. "Ndugu wa Bukuru yupo? Amepoteza damu nyingi, tunahitaji ndugu wa kumtolea. Ndugu wa Bukuru!"

Korido nzima ikatazamana. Kaka akajaribu kusimama, ila nesi akamwona uso. "Wewe hapana, baba. Wewe mwenyewe wa kutibiwa. Hakuna mwingine? Hana mtu kabisa?"

Nilijikuta nimeshasimama, mkono wa gauni nimeshaupandisha.

"Wewe ni nani wake, mama?"

Nilimtazama vizuri. Alikuwa binti wa Katumba, Kirundi kilimkaa kwenye ulimi. Sikuwa na haja ya kumweleza chochote.

"Mimi ndiye Butoyi wake," nikasema.

Akanishika mkono, akaniingiza ndani.