Matofali ya Magokoro

Juzi nilipita mjini Kisii nikaona ghorofa la maduka ya simu pale kanisa letu liliposimama, nikakumbuka alasiri ile lilipobomolewa.

Misumari ililia ikichomolewa kwenye mabati, na vumbi lilinuka mavi ya popo. Sisi watoto tulipanga mstari, tukapitisha matofali huku tukiimba. Mzee wa kanisa alikuwa ametuambia tunajengewa kubwa zaidi, nami tayari nilishajichagulia kiti karibu na dirisha.

Nyanya yangu, tuliyemwita Magokoro, alikaa kando kwenye nyasi. Matofali hayo ni yeye na akina mama wenzake walioyafyatua, wakikanyaga udongo kwa miguu, walipokuwa bado wasichana walioolewa juzi.

"Magokoro, njoo uimbe! Ama umechoka?"

"Imba wewe, mama. Wewe ndio uko na sauti."

Nilidhani ananisifu. Nikaimba kwa nguvu zaidi, na ukuta wa mwisho ulipoanguka nikapiga makofi.

Ploti ilikuwa imeshauzwa, na watu wazima wote walijua, yeye pia. Magokoro alisali jikoni kwake hadi alipofariki, na hata siku moja hakuniuliza kwa nini niliimba.