Wimbi Nililolifuta

Mwanangu, siku ile naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa nimerudi Kizingitini na shahada yangu ya uhandisi, nikitaka mawimbi yetu yazalishe umeme wa kugandishia barafu ya samaki. Boya la kuzalisha umeme huo nililijaribu kwanza ndani ya kompyuta. Nilitengeneza humo mlango wetu, ule upenyo wa mwamba unaoingiza bahari kuu, nikalipiga boya kwa mawimbi ya kila namna. Kila mara lilihimili, isipokuwa mara moja tu. Wimbi lilisimama wima kama ukuta, mnyororo unaolishikilia boya ukakatika.

Nilicheka, wallahi. Nikasema kompyuta imekosea, maana mimi ni mzaliwa wa hapa na wimbi kama lile sijaliona pale maishani. Nikalifuta. Mbele ya wazee nikaonyesha yale mazuri tu, nao wakafurahi na binti yao.

Boya likafungwa mlangoni. Siku ya siku, wageni wakaja kulitazama. Mjomba wangu Athmani, mpiga mbizi wa kuvua kamba, ndiye aliyekuwa akilitunza. Alisema tungoje, maji yanakupwa na upepo unatoka baharini. Nikamwambia asiwe na hofu, kompyuta imeshapima yote. Akaniangalia, kisha akapanda mashua. Aliniamini, mwanangu.

Tukawaacha wageni ufukweni, tukatangulia sisi wawili. Kule mlangoni maji yaliyokuwa yakitoka yalikutana na mawimbi yaliyokuwa yakiingia, na wimbi likainuka. Lilelile! Nililitambua palepale. Mnyororo ukakatika, ukamchapa mjomba begani.

Mkono wake wa kulia haukuinuka tena. Kazi ya kupiga mbizi, ambayo ndiyo pekee aliyoijua, ikaishia hapo.

Nilipokwenda kumwomba radhi nilimweleza yote, hata lile la kufuta. Sikutarajia alichonijibu.

"Hukuliona maishani kwa sababu saa iyo, maji yakikupwa na upepo ukitoka baharini, hatupiti ndia ile ya mlangoni," alisema. "Baba zetu walitukataza. Mashine yako ilikwambia kweli, nawe hukumuuliza mtu."

Nilijivunia kuijua bahari yetu, kumbe niliijua kwa zile saa tulizoruhusiwa tu.

Basi mwanangu, wewe unayekaa leo mbele ya kompyuta kubwa kuliko yangu, jibu lisilokupendeza usilifute. Lichukue uende nalo kwa watu wa mahali hapo. Waulize wanayoyafanya, na zaidi waulize wasiyoyafanya, na kwa nini. Kisha wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mwambie yule atakayepanda mashua kabla hajaweka mguu.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kusema ulichokiona, na kila anayekuamini amrudishe nyumbani mzima. Amin.