Ruta za Bi Saadia Wakati wa Eda

Bi Saadia hakuwahi kubandika bei mlangoni. Tangu enzi zake za kuuza mabuibui ya kulipwa kidogo kidogo, nyumba hadi nyumba huko Kibokoni, kwake bei ilikuwa jambo la watu wawili waliokaa chini wakatazamana. Biashara ilipogeuka kuwa ya kuwauzia majirani intaneti, tabia haikugeuka. Mumewe Jaffar alipanda mapaa, akavuta nyaya na kufunga ruta, visanduku vya kugawa intaneti. Yeye alibaki chini akipatana. Ndiyo maana hakuna wateja wake wawili waliofanana. Hamdan wa duka la manukato alipewa kasi mchana, usiku akapunguziwa. Bi Bayan aliomba watoto wafungiwe michezo baada ya Isha, lakini tamthilia zake zisiguswe. Makubaliano yote hayo yalikaa ndani ya ruta, na hayakuwa popote pengine.

Kisha Jaffar akafariki, na Bi Saadia akaingia eda. Hatoki, wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Ruta kubwa, inayozilisha nyingine na kubeba makubaliano hayo, iko juu ya paa la jirani, na kwa hali yake ni kama iko Voi. Akamwajiri Mwende, binti wa Machakos aliyekuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Shimanzi, kwa kuwa mwanamke mwenziwe aweza kuingia hadi chumbani.

Shemeji yake Fahmi alikuja akaketi ukumbini, nje ya pazia.

"Shemeji, biashara hii yataka miguu. Nipe nikushikie mpaka utoke."

"Wateja wakianza kuniondokea nitakupa," alisema Bi Saadia, ili Fahmi amalize kahawa yake aende.

"Neno hilo nimelisikia."

Hapo ndipo alipomwambia Mwende atafute njia mambo yasipotee. Mwende akaipanga kompyuta moja kuukuu: kila alfajiri iingie katika kila ruta, ichukue nakala ya mipangilio, iiweke katika ghala linalotunza kila toleo. Mstari ukitofautiana na wa jana, ujumbe uje kwenye simu ya Bi Saadia.

"Yaani itanambia nani kafanya nini?"

"Itakwambia kilichobadilika. Aliyebadilisha haimjui."

Asubuhi ya pili ujumbe ukaja: ruta zote zimebadilika. Ya tatu vilevile. Bi Saadia hakuwa amepatana na mtu. Aliitazama mistari ile yenye alama za kutoa na kujumlisha asielewe hata mmoja. Yeye, anayemjua mnunuzi mwongo kwa namna anavyoshika kitambaa.

"Umegusa kitu, Mwende?"

"Sijagusa."

Basi yuko aliyegusa. Neno la siri la ruta lilijulikana na nusu ya ukoo, kwani Jaffar alilitoa kama atoavyo halwa, na Fahmi alikuwa wa kwanza kuonjeshwa.

"Badilisha neno la siri. Ruta zote, leo."

"Ngoja kwanza nisome ripoti..."

"Funga mlango. Mwizi tutamtafuta baadaye."

Mwende akabadilisha. Kesho yake ujumbe haukuja, wala keshokutwa. Bi Saadia akapumua, akaanza kupatana upya kwa simu, huyu kumwongezea, yule kumpunguzia, na Mwende akitia ndani ya ruta kila alichoambiwa. Fahmi alipokuja alikaribishwa kwa sauti tamu mno.

"Shemeji, naona una raha."

"Nimefunga mlango."

"Mlango gani?"

"Wewe waujua."

Fahmi hakuujua. Alikunywa kahawa akiwa na wasiwasi.

Halafu umeme ukakatika mji mzima, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Ruta kubwa ikaungua. Mwende alinunua nyingine madukani Mwembe Tayari, akaifunga juu ya paa, akarudi kuchukua nakala ya jana. Akapekua orodha ya matoleo kwenye kompyuta, akairudia tangu mwanzo.

"Nini?"

"Nakala ya mwisho ni ya siku tuliyobadilisha neno la siri."

"Na zilizofuata?"

"Hazipo. Kompyuta imekuwa ikibisha hodi kwa neno la zamani, inakataliwa. Nilisahau kuipa jipya."

"Mbona haikusema?"

"Niliipanga iseme kitu kikibadilika. Haikuona kitu, ikanyamaza."

"Na mwizi je?"

Mwende alifungua matoleo ya mwanzo, akayalinganisha. "Ruta huandika saa ya kunakiliwa kwenye mstari wa kwanza wa nakala. Kila siku saa ni nyingine. Mabadiliko yalikuwa hayo tu."

Bi Saadia alilipindua jambo hilo kichwani. Zile siku za wizi ndizo kazi ilipokuwa ikienda sawa, na zile za amani ndizo iliposimama? Alimwambia Mwende arudie. Akarudia. Bado lilimkalia upande.

Akaanza kuwapigia wateja awaulize walipatana nini. Hamdan alidai kasi mchana na usiku. Bi Bayan alikumbuka ahadi ambayo Bi Saadia hakuikumbuka hata kidogo. Kufikia adhuhuri Mwende alitikisa kichwa.

"Haya wanayodai hayaingii kwenye laini yetu, hata tukiikamua."

Fahmi naye akafika. "Shemeji, mambo yameharibika. Tulisemaje?"

"Tulisema wakiniondokea. Nani kaondoka?"

"Watu hawana intaneti."

"Hawana, nao wako majumbani mwao wanaingoja." Akamgeukia Mwende, akashusha sauti. "Tia nakala ya zamani. Kila mtu arudi alipokuwa."

"Na waliopatana upya?"

"Nikiwapigia mimi, wao ndio wanaotaja masharti. Wakinipigia wao, nataja mimi. Na hiyo kompyuta ipe neno jipya. Iniletee salamu kila asubuhi, hata ikiwa haina habari."

Mwende akatia nakala. Taa za ruta zilikuwa hazijatulia simu ilipolia. Alikuwa Hamdan. Bi Saadia alijaribu kukumbuka alimwahidi nini mtu huyu, asipate chochote.

"Nakusikiliza, Hamdan," alisema, akiinua sauti ivuke pazia. "Hapana, shemeji yangu hahusiki. Sema nami."